Herufi Moja Kati ya Milioni Nne

Mgonjwa wa kifua kikuu anapoambiwa kwamba "mashine imesema" hana usugu wa dawa, huondoka kituoni akiamini kuwa amepata jibu kamili. Aliyempa habari hiyo naye mara nyingi huamini vivyo hivyo. Kwa hakika mashine haikusema hayo. Iliulizwa swali moja, tena fupi, kuhusu kipande kidogo cha jeni moja ya bakteria, nayo ikalijibu swali hilo. Tofauti kati ya mambo haya mawili yaweza kuonekana kuwa ya kitaaluma tu, jambo la watu wa maabara kubishania wakati wa chai. Hata hivyo wako wagonjwa waliomeza dawa zisizowafaa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya tofauti hiyo hiyo, na wako walioambukiza watu wa nyumbani mwao katika miezi hiyo.

Ili kufahamu swali ambalo mashine huuliza, yafaa kurudi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko mwanamikrobiolojia Mwingereza Stewart Cole na wenzake walikuwa wakilifuatilia fumbo lililowasumbua waganga tangu mwaka 1952, isoniazidi ilipoanza kutumika: kwa nini dawa yenye makali namna ile huacha kufanya kazi kwa baadhi ya wagonjwa? Jibu la kwanza la uhakika lilichapishwa mwaka 1992, katika kazi waliyoifanya pamoja na Ying Zhang na Douglas Young wa London. Ilibainika kwamba isoniazidi humwingia bakteria ikiwa haina madhara, kama kisu kilicho ndani ya ala. Anayekichomoa kisu hicho ni bakteria mwenyewe, kwa kutumia kimeng'enya chake kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo katG. Bakteria ambaye jeni hiyo imepotea au imeharibika hana mkono wa kukichomolea, na dawa hukaa ndani yake bila kumdhuru. Watafiti walipomrudishia bakteria sugu jeni iliyo nzima, dawa ilianza tena kumuua.

Kuna jambo la kutisha kidogo katika ugunduzi huo, ingawa vitabu vya kufundishia hulipita haraka. Kimeng'enya hicho ndicho pia kinachomkinga bakteria dhidi ya sumu ambazo seli za mwili wa binadamu humrushia. Akikitupa chote, huikwepa dawa lakini hubaki bila ngao. Ndiyo maana bakteria sugu wengi wanaopatikana kwa wagonjwa hawaitupi jeni nzima. Hubadilisha herufi moja tu, mahali pamoja mahususi, kiasi cha kuifanya dawa ishindwe kuchomolewa huku sehemu kubwa ya ngao ikisalia. Bakteria hana akili wala hila. Ni wingi wake tu, pamoja na dawa zinazowaua wasio na badiliko hilo, vinavyomfanya aonekane mjanja.

Mwaka uliofuata watafiti wa Bern, Uswisi, wakishirikiana na Cole, waliigeukia rifampisini. Dawa hii huikaba protini ambayo kazi yake ni kunakili maelekezo ya jeni, na sehemu ya protini hiyo inayokabwa hutengenezwa na jeni iitwayo rpoB. Jeni hiyo ina herufi zaidi ya 3,500. Kwa wagonjwa walio wengi sana, mabadiliko yanayoleta usugu yalionekana kujikusanya katika kipande cha herufi 81 tu. Ni vigumu kueleza furaha ambayo habari hiyo iliwaletea watengenezaji wa vipimo. Hapakuwa tena na haja ya kumwotesha bakteria kwa majuma kadhaa ili kuona kama dawa inamuua. Ilitosha kuzisoma herufi 81.

Kisha ikaja kazi kubwa kuliko hizo. Mwezi Juni 1998 Cole, pamoja na kituo cha Sanger cha Uingereza, walichapisha jenomu nzima ya bakteria wa kifua kikuu: herufi 4,411,529 na jeni zipatazo 4,000. Bakteria aliyesomwa ni wa ukoo uitwao H37Rv, uliotokana na makohozi ya mgonjwa mmoja wa Marekani mwaka 1905 na kutunzwa katika maabara tangu wakati huo. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi jinsi kiumbe huyu alivyowekeza katika mafuta. Ana vimeng'enya vipatavyo 250 vinavyoshughulikia asidi za mafuta, ilhali bakteria wa kawaida wa utumbo, E. koli, anavyo takriban 50. Ganda lake la nta, linalozifanya dawa nyingi zishindwe kupenya, halikuwa tena jambo la kustaajabisha. Miaka mitatu baadaye kundi hilo hilo likaisoma jenomu ya bakteria wa ukoma, likakuta mfano wa nyumba iliyohamwa: jeni zaidi ya 1,100 zimeharibika na hazifanyi kazi, na zilizobaki nzima ni kama 1,600. Ndiyo sababu inayotajwa zaidi ya bakteria wa ukoma kukataa kuota katika sahani ya maabara hadi leo. Amezoea mno kulishwa na mwenyeji wake.

Kutoka katika vitabu hivyo vya herufi ndimo kilimotoka kipimo kinachofahamika leo hata katika hospitali nyingi za wilaya. Mwezi Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha GeneXpert. Makohozi huchanganywa na dawa maalumu, hutiwa katika katriji, katriji huingizwa katika mashine, na katika muda usiozidi saa mbili majibu mawili hutoka: kama bakteria wa kifua kikuu yumo, na kama zile herufi 81 za rpoB zimebadilika. Hadubini, iliyokuwa nguzo ya uchunguzi tangu siku za Robert Koch, huhitaji bakteria wapatao 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili mtaalamu awaone. Kipimo hiki hutosheka na mia na zaidi kidogo. Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye makohozi yake mara nyingi huwa na bakteria wachache, tofauti hiyo ni uhai.

Kwa nini kilichaguliwa kuulizia rifampisini na si dawa nyingine? Sababu iko karibu na nyumbani kuliko wengi wanavyodhani. Tiba fupi ya miezi sita ilijaribiwa kwa utaratibu wa kisayansi kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, katika utafiti wa pamoja wa Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambao matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1972. Kabla ya hapo mgonjwa alitakiwa kumeza dawa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Rifampisini ndiyo iliyokuja kuwa mhimili wa tiba hiyo. Mhimili ukivunjika, paa zima huanguka; kwa hiyo kuuliza habari zake kwanza ulikuwa uamuzi wa busara, na wagonjwa wengi mno wamepona kwa sababu uliulizwa mapema.

Hapo ndipo sifa zinapopaswa kupisha swali gumu. Mashine husoma ilichofundishwa kusoma. Nje ya herufi 81 ni kipofu. Eswatini, nchi iliyo kati ya Afrika Kusini na Msumbiji, ililijua jambo hilo kwa gharama. Vimelea vilivyokusanywa huko katika uchunguzi wa usugu wa dawa ulioanza mwaka 2009 vilipochunguzwa upya kwa kusoma vinasaba vyao, ilionekana kwamba asilimia 30 ya vile vyenye usugu wa dawa nyingi vilikuwa na badiliko la herufi moja katika rpoB, hatua chache tu nje ya kipande kinachosomwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Kwa mgonjwa mwenye kimelea cha aina hiyo, mashine ingejibu, bila kosa lolote la kiufundi, kwamba usugu wa rifampisini haukuonekana. Angeanzishiwa tiba ya kawaida. Mwezi wa pili makohozi yake yangali na bakteria, mwezi wa tano vilevile, na katika vituo vingi swali la kwanza ambalo angeulizwa lingekuwa: "Dawa unameza kweli?"

Swali hilo ndilo kiini cha hoja ya makala haya. Halina ubaya likiulizwa kwa heshima, maana wako wanaoacha dawa, na sababu zao mara nyingi ni nauli, njaa au kichefuchefu. Ubaya uko katika kuliuliza kama hukumu, kwa kuwa mashine imekwisha "thibitisha" kwamba dawa zinafaa. Mama mtu mzima aliyepanda gari alfajiri kila siku ya kliniki, akameza vidonge mbele ya mwanawe kila usiku, hujikuta akijitetea mbele ya muuguzi aliye sawa na mjukuu wake. Neno lake linawekwa kwenye mizani pamoja na neno la mashine, nalo linaonekana jepesi. Vinasaba vinafundisha kinyume chake: mgonjwa asiyepata nafuu licha ya kumeza dawa ni kipimo, na wakati mwingine ni kipimo kinachoona mbali kuliko katriji.

Eswatini ina somo la pili, na hili ndilo linalostahili kuwanyima usingizi wapangaji wa huduma. Mwaka 2020 watafiti waliosoma jenomu nzima za vimelea hao walionyesha kwamba wengi wao walikuwa pia na mabadiliko katika jeni nyingine, yanayopunguza nguvu ya bedakwilini, dawa mpya ambayo sasa ni tegemeo la tiba ya kifua kikuu sugu. Kwa kuhesabu jinsi herufi zinavyobadilika kadiri miaka inavyopita, waligundua kwamba mabadiliko hayo yalikuwapo kabla dawa hiyo haijaanza kutumiwa huko. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya miezi sita kwa wagonjwa wenye usugu wa rifampisini, yenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Ni nafuu kubwa kwa wagonjwa waliozoea sindano za miezi na masikio yanayopoteza usikivu. Lakini katriji ya kawaida haiulizi lolote kuhusu dawa hata moja kati ya hizo nne. Haiulizi hata kuhusu isoniazidi, na mgonjwa anaweza kuwa na usugu wa isoniazidi pekee bila kipimo hicho kumtambua. Katriji ya aina nyingine inayoisoma isoniazidi ipo na imeidhinishwa tangu mwaka 2021. Kuwapo kwake dukani na kuwapo kwake katika hospitali ya wilaya ni mambo mawili.

Wapo watakaosema kwamba hoja za namna hii zinapanda shaka pasipo faida: mashine imeokoa watu, wagonjwa wanaiamini, na mgonjwa mwenye shaka ndiye huyo huyo anayekimbilia kwa mganga wa mitishamba. Hofu hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, imani iliyojengwa juu ya nusu ya habari ndiyo inayovunjika vibaya zaidi siku mgonjwa anapozidiwa. Aliyeambiwa mapema, "Kipimo hiki kimeangalia dawa moja, usipopata nafuu rudi upesi, tutachunguza zaidi," ana sababu ya kurudi. Aliyeambiwa kwamba mashine imemaliza kila kitu hana.

Liko jambo jingine ambalo mashine haiulizi, nalo husababisha machozi yasiyo ya lazima. Haiulizi kama bakteria yu hai. Vinasaba vya bakteria aliyekufa hubaki katika mapafu na makohozi kwa muda mrefu, na kipimo huvinasa kama vya aliye hai. Kwa sababu hiyo hakifai kutumiwa kufuatilia maendeleo ya tiba. Kazi hiyo ni ya hadubini na ya kuotesha vimelea. Mtu aliyemaliza dawa miezi michache iliyopita, akapimwa tena kwa sababu ya kikohozi cha mafua, anaweza kupata jibu la kuwa na kifua kikuu hali amepona. Toleo jipya zaidi la kipimo, lenye uwezo wa kunasa vinasaba kidogo mno, limeongeza uwezekano huo. Kabla ya kumrudisha katika dawa, ni wajibu wa mganga kuuliza historia yake na kuomba makohozi yake yaoteshwe. Na tukiwa hapo kwenye makohozi: katriji ya bei ghali iliyotiwa mate badala ya makohozi ni hasara tupu. Dakika tano za kumweleza mgonjwa namna ya kuvuta pumzi na kukohoa kutoka ndani ya kifua, tena nje penye hewa, ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Jawabu la upofu wa katriji ni kusoma kitabu kizima, kwa maana ya herufi zote milioni nne, au walau sura zote zinazohusu dawa. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilionekana kuwa anasa ya Paris na Cambridge. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya mabadiliko yanayohusiana na usugu, iliyojengwa juu ya vimelea zaidi ya 38,000 kutoka nchi nyingi. Toleo la pili la mwaka 2023 lilitumia zaidi ya 52,000. Mwaka 2024 likapendekeza rasmi usomaji wa vinasaba unaolenga jeni za usugu, moja kwa moja kutoka katika makohozi. Kwa hiyo swali si tena kama jambo hili linawezekana. Swali ni nani atalifanya, wapi, na jibu litamfikia mgonjwa lini.

Dar es Salaam kwenyewe pametolewa mfano mzuri. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Basel, Uswisi, walisoma jenomu za vimelea kutoka kwa wagonjwa 1,082 wa jiji hilo kwa kipindi cha miaka sita, wakachapisha matokeo mwaka 2023. Kifua kikuu cha jiji hilo la bandari, walionyesha, husababishwa zaidi na koo kadhaa za bakteria zilizoingia nchini kutoka sehemu mbalimbali za dunia katika miaka 300 iliyopita. Ukoo ulioenea zaidi haukuwa mkali kuliko mingine kwa wagonjwa. Ulitangulia kufika na kuambukiza kwa kasi. Ni habari ya kuvutia, na pia ni habari inayohitaji kushikwa kwa uangalifu, kwa maana masikio ya mitaani yatasikia neno moja tu: wageni. Koo za bakteria zilizofika kabla ya babu wa babu zetu hazimpi mtu haki ya kumnyooshea kidole jirani yake wa leo.

Vivyo hivyo ndani ya nyumba. Vimelea vya wagonjwa wawili vikitofautiana kwa herufi chache tu kati ya milioni nne, yaelekea mmoja alimwambukiza mwenzake, au wote wawili waliambukizwa na mtu wa tatu. Wataalamu hutumia ujuzi huo kutafuta mahali maambukizi yanapotokea ili wayazuie. Ujuzi huo huo, ukiingia mikononi mwa shemeji mwenye hasira, unaweza kuvunja ndoa. Tafiti za aina hii zimeonyesha mara kwa mara kwamba katika maeneo yenye wagonjwa wengi, sehemu kubwa ya maambukizi hutokea nje ya kaya: mahali pa kazi, katika vyombo vya usafiri, penye mikusanyiko isiyo na hewa. Mke anayetuhumiwa kuleta ugonjwa nyumbani ana mtetezi katika vinasaba, ikiwa mtoa huduma atachukua muda kuyaeleza hayo mbele ya familia.

Hata hivyo utafiti unaosoma jenomu elfu moja na kuchapishwa miaka baadaye haumtibu mgonjwa yeyote kati ya hao elfu. Hilo si lawama kwa watafiti, kwani kazi yao ilikuwa nyingine. Lakini linaonyesha pengo ambalo vyuo vikuu vya tiba na wizara haviwezi kuliacha kwa wafadhili. Mitambo ya kusoma vinasaba inaponunuliwa kwa ajili ya mradi, kemikali zake huisha mradi unapoisha, na vijana waliofundishwa kuitumia huondoka. Maabara ya rufaa ya kifua kikuu inapaswa kuwa na fungu la kila mwaka la kusoma vimelea vya wagonjwa wasiopata nafuu mwishoni mwa mwezi wa pili, hata kama rpoB yao imeonekana safi. Si lazima wasomwe wote wanaoanza dawa. Ni kundi dogo, na ndilo ambalo badiliko la aina ya Eswatini lingejitokeza kwanza. Nchi inayopakana na Msumbiji haina sababu ya kulisubiri badiliko hilo lijitambulishe lenyewe.

Yako pia mambo yasiyohitaji mtambo wowote. Fomu ya majibu inayorudi kituoni hubeba vifupisho vya kitaalamu ambavyo muuguzi amezoea kuvisoma na mgonjwa hawezi. Nafasi ya mstari mmoja ingetosha, kwa Kiswahili, chini ya jibu: "Kipimo hiki kimeangalia usugu wa rifampisini tu. Dawa nyingine hazijachunguzwa." Kisha mstari wa pili, wenye tarehe ambayo makohozi yatachunguzwa tena na jina la mtu wa kumwona kituoni endapo kikohozi, homa au kupungua uzito vitaendelea kabla ya tarehe hiyo.